Pua ya kuokoa uhai: Jinsi mbwa mchanga anavyofunzwa kufuata nyayo za waliopotea

MTOTO mchungaji asiporejea bomani jua likishazama, wakazi wa Bisil hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Nyanda za Matapato ni pana, makorongo ni mengi, na usiku ni wa fisi. Wanaume huwasha tochi na kutawanyika, kina mama hubaki wakiita jina, na kila saa inayopita huongeza umbali kati ya mtoto na wanaomtafuta.

Yaliyotokea karibu na mbuga ya Tsavo Mashariki mwishoni mwa 2023 yanaonyesha ugumu wa kazi hiyo. Mvulana wa miaka minne alitenganishwa na ndugu zake waliokuwa wakichunga mbuzi baada ya mvua kubwa kunyesha. Mvua hiyo hiyo ilifuta nyayo zake. Wanakijiji na askari wa wanyamapori walimtafuta kwa siku kadhaa, na siku ya sita rubani wa shirika la Sheldrick Wildlife Trust alimwona kutoka angani akiwa hai, takriban kilomita 15 kutoka kwao.

Kisa hicho kilikwisha kwa furaha, lakini si kila jamii inaweza kutegemea ndege. Ndiyo maana inafaa kuuliza: je, mbwa aliyefunzwa vyema anaweza kusaidia mahali kama Bisil, mji wa soko la mifugo ulio katikati ya Kajiado na Namanga? Naam, anaweza. Hata hivyo, mafunzo yake ni marefu kuliko wengi wanavyodhani, na yana masharti yasiyoweza kurukwa.

Harufu inayobaki nyuma

Kila binadamu anapotembea hudondosha maelfu ya chembe ndogo za ngozi zisizoonekana kwa macho. Bakteria huzishambulia chembe hizo, na jasho na mafuta ya mwili huongeza harufu. Mchanganyiko huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Aidha, kila unyayo huponda majani na kuvuruga udongo, jambo linaloacha harufu nyingine ardhini.

Binadamu ana vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kuwa milioni tano au sita puani. Mbwa ana mamia ya milioni, na aina ya Bloodhound inakadiriwa kuwa na takriban milioni 300. Isitoshe, pua ya mbwa ina mipasuko pembeni inayotoa pumzi bila kuvuruga hewa inayoingia, hivyo anaweza kunusa mara kadhaa kwa sekunde moja.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 na Peter Hepper na Deborah Wells wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, ulionyesha kwamba mbwa waliofunzwa walihitaji nyayo tano tu zinazofuatana ili kujua mtu alielekea upande gani. Tofauti ndogo ya umri kati ya unyayo wa kwanza na wa tano iliwatosha.

Ni muhimu pia kutofautisha kazi za mbwa hawa. Wapo wanaofuata nyayo za mtu mmoja ardhini. Wapo wanaonusa harufu inayopeperushwa hewani bila kujali ni ya nani. Halafu wapo wanaotafuta watu chini ya vifusi, kama wale walioletwa na waokoaji wa Israeli baada ya shambulio la bomu jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998. Mbwa aliyefunzwa kazi moja hawezi kubadilishiwa kazi nyingine kwa siku moja.

Uzoefu tayari upo

Kenya si mgeni wa mbwa wa nyayo. Mwaka wa 2009, Mara Conservancy, inayosimamia eneo la Mara Triangle, ilianza kutumia Bloodhound kuwafuata wawindaji haramu. Hifadhi za Lewa katika Meru na Ol Pejeta katika Laikipia nazo zina vikosi vya mbwa. Katika Kaunti ya Kajiado yenyewe, shirika la Big Life hutumia mbwa wa kufuata nyayo katika eneo la Amboseli. Ng'ambo ya mpaka, shirika la Honeyguide limewatumia mbwa wa aina hiyo huko Enduimet, magharibi mwa Mlima Kilimanjaro.

Mbwa hao walifunzwa hasa kwa ajili ya kulinda wanyamapori. Lakini pua inayomfuata jangili ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumfuata mtoto aliyepotea au mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Kinachobadilika ni mwisho wa safari: jangili hukamatwa, ilhali aliyepotea anahitaji kufikiwa kwa upole.

Kuchagua kijibwa

Mbwa wa boma la Wamaasai husifiwa kwa kubweka na kuwatilia shaka wageni. Kwa mlinzi hiyo ni sifa njema. Kwa mbwa wa uokoaji ni kasoro, kwa sababu kazi yake ni kufurahia kumpata mtu asiyemjua. Kwa hiyo jambo la kwanza analotazama mkufunzi si rangi wala ukubwa, bali ni tabia.

Kijibwa anayefaa ni yule anayemwendea mgeni kwa hiari, anayeshtuka chombo kikianguka lakini akarudi kukinusa, na anayeendelea kutafuta kipande cha nyama kilichofichwa nyasini hata wenzake wanapokata tamaa. Awe na miguu imara, pua isiyozibwa na uso mfupi, na manyoya yasiyo mazito kwa nchi ya joto.

Bloodhound, mbwa wa Kijerumani, Malinois na Labrador ndio hutumiwa mara nyingi duniani. Hata hivyo, mbwa wa kienyeji mwenye tabia hiyo hapaswi kupuuzwa. Yeye amezoea jua, miiba na vumbi la Kajiado tangu mama yake na bibi yake.

Wiki za kwanza

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ya maisha yake, ubongo wa mbwa huwa wazi kupokea mambo mapya bila hofu. Anachokutana nacho kwa wema wakati huo hukizoea maishani. Anachokikosa, huenda akakiogopa daima.

Kijibwa wa Bisil anapaswa kusikia honi za malori yaendayo Namanga, ngurumo za pikipiki, kengele za ng'ombe na kelele za soko. Aone watu wazima, watoto, wazee wenye bakora na wanawake waliobeba kuni. Kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika, abebwe mikononi badala ya kuachwa atembee mahali wanapopita mbwa wasiojulikana.

Somo la mifugo ni la lazima. Kijibwa hukaa karibu na mbuzi akiwa amefungwa kamba na hutuzwa kila anapowapuuza. Mbwa anayefukuza mbuzi hatakubaliwa na jamii hata akiwa na pua ya ajabu, na katika soko la mifugo anaweza kusababisha hasara kubwa kwa dakika moja.

Kutoka mchezo hadi kazi

Mafunzo yenyewe huanza kama mchezo wa kujificha. Mtu mmoja humshika kijibwa, na mwingine anayependwa naye humwonyesha nyama, hukimbia hatua 20 au 30 na kujibanza nyuma ya kichaka. Kijibwa huachiliwa, humfikia, na hapo hutuzwa nyama na kusifiwa kwa shangwe. Zoezi hurudiwa mara mbili au tatu tu, likakomeshwa kijibwa angali na hamu.

Katika hatua ya pili, kijibwa haruhusiwi kuona aliyejificha alikoelekea. Aliyejificha huwa ameburuza miguu kidogo na kuacha vipande vidogo vya nyama katika baadhi ya nyayo zake. Njia huwekwa ili upepo uvume kutoka mgongoni mwa mbwa. Ukivuma kutoka mbele, atainua kichwa na kumnusa mtu hewani, naye hatajifunza kwamba jibu liko ardhini. Siku zinavyokwenda, nyama hupunguzwa hadi ibaki ile ya mwisho tu, mikononi mwa aliyepatikana.

Hatua ya tatu ni kumfunza kuchagua harufu. Mbwa hunusishwa nguo ya mtu anayetafutwa, huvishwa mkanda wa kifuani, kisha hupewa amri moja, kwa mfano “Tafuta!”. Mkanda huo havishwi wakati mwingine wowote, na neno hilo halitumiwi kwa jambo jingine. Baada ya miezi michache, kuvishwa mkanda tu humwambia kwamba kazi imeanza.

Baada ya hapo mambo matatu huongezwa: urefu wa njia, idadi ya kona, na muda uliopita tangu mtu apite. Kanuni ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Njia ikirefushwa, umri wake hupunguzwa. Kona zikiongezwa, njia hufupishwa. Mbwa anayefuata nyayo za dakika kumi leo hupelekwa taratibu hadi nusu saa, saa moja, na hatimaye saa kadhaa. Anayeharakisha hatua hizi huishia kumfunza mbwa kubahatisha.

Kona ndiyo shule kubwa. Mbwa akipita mahali mtu alipogeuka, harufu hukatika. Huinua kichwa, hupunguza mwendo, huzunguka, kisha huipata tena. Mwongozaji anatakiwa kusimama kimya na kuiachia kamba. Akivuta, mbwa atajifunza kungoja kuelekezwa.

Kisha huja vishawishi. Mtu mwingine hukatiza njia. Watu wawili hutembea pamoja kisha hutengana. Kundi la mbuzi hupitishwa juu ya nyayo. Mbwa anatakiwa kushikilia harufu aliyonusishwa mwanzoni na kuziacha nyingine zote. Mara nyingine hunusishwa nguo ya mtu ambaye hakupita hapo kabisa, ili ajifunze kuonyesha kwamba hakuna njia ya kufuata. Jibu la “hayupo” lina thamani kubwa, kwani huwaepusha watafutaji kupoteza saa upande usiofaa.

Mwisho ni kumfikia mtu. Watoto wengi wa vijijini huogopa mbwa wageni, na mtoto aliyepotea huwa tayari na hofu. Kwa hiyo mbwa hufunzwa kusimama au kulala hatua chache kabla ya kumfikia, bila kurukaruka wala kubweka, hadi mwongozaji afike na kuzungumza na mtoto.

Mwongozaji naye ni mwanafunzi

Kamba ya kazi huwa ya mita tano hadi kumi, na mtu aliye nyuma yake anahitaji mafunzo sawa na mbwa. Lazima ajue kusoma mkia, masikio, mwendo na sauti ya pumzi. Mbwa aliye kwenye harufu huvuta kamba kwa nguvu ile ile. Aliyeipoteza huanza kutazama huku na huku au kukojolea vichaka.

Hatari kubwa ni mwongozaji kumwelekeza mbwa bila kujijua. Mapema katika karne ya 20, farasi aitwaye Hans wa Berlin alidhaniwa kuwa anajua hesabu. Mwaka wa 1907, mtafiti Oskar Pfungst alieleza kwamba farasi huyo alikuwa akisoma ishara ndogo za miili ya waliomuuliza. Mbwa hufanya vivyo hivyo. Mwongozaji anayeamini kwamba mtoto ameelekea mtoni atakaza kamba kidogo upande wa pili, na mbwa atamtii.

Dawa yake ni mazoezi ambayo mwongozaji hajui njia, na baadaye mazoezi ambayo hakuna yeyote kati ya waliopo anayeijua. Kila zoezi huandikwa daftarini: saa, upepo, joto, aina ya ardhi, urefu na umri wa njia, na makosa yaliyotokea. Daftari hilo ndilo ushahidi wa uwezo wa mbwa, wala si sifa za mwenyewe.

Jua, miiba na maradhi

Hali ya nchi ya Bisil ina masomo yake. Asubuhi ardhi ikiwa baridi na yenye umande, harufu hukaa chini na kudumu. Kufikia adhuhuri, udongo mtupu huchomwa na jua, hewa hupanda, na harufu hutawanyika nayo. Jioni hewa baridi huteremka makorongoni na kubeba harufu huko, hivyo mbwa anaweza kuvuta kuelekea bondeni ilhali mtu alipita ukingoni. Mwongozaji asiyejua hilo atamlaumu mbwa bure.

Joto lenyewe linaweza kumuua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, bali hujipoza hasa kwa kuhema. Akihema sana hawezi kunusa vizuri. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, na likipita 41 huwa hatarini. Kazi ifanywe alfajiri au jioni kila inapowezekana, maji yabebwe, na mapumziko ya kivulini yapangwe kabla hajaonyesha uchovu.

Miiba ya migunga, kupe na nyoka kama kifutu ni adui wa kila siku. Nyayo zikaguliwe baada ya kila zoezi, na dawa ya kupe itumiwe kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Mbwa asiruhusiwe kula mzoga wowote porini, kwa kuwa wapo wafugaji wanaotia sumu mizoga ili kuwaua simba na fisi.

Yapo maradhi mawili yanayohusu jamii nzima. La kwanza ni kichaa cha mbwa. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na maradhi hayo kufikia 2030. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na mbwa wa uokoaji asiye na cheti cha chanjo hafai kumkaribia mtoto.

La pili ni minyoo ya tegu wanaosababisha uvimbe wa maji katika ini na mapafu ya binadamu. Mbwa hupata minyoo hao kwa kula matumbo mabichi, maini au mapafu ya mifugo iliyoambukizwa, na mayai yake humfikia mtu kupitia kinyesi na manyoya ya mbwa. Katika mji wenye soko la mifugo na vichinjio, mbwa wa kazi asipewe kabisa mabaki mabichi ya machinjoni, na apewe dawa ya minyoo kama anavyoagiza daktari.

Je, yuko tayari lini?

Kijibwa aliyeanza akiwa na wiki nane huhitaji kati ya miezi 18 na miaka miwili kabla ya kukabidhiwa kazi ya kweli. Hata baada ya hapo, mazoezi ya kila wiki hayakomi hadi astaafu, mara nyingi akiwa na umri wa miaka minane au tisa. Gharama ya chakula, matibabu na muda wa mwongozaji huendelea kwa kipindi hicho chote. Pua ya mbwa haitoshi bila bajeti.

Mbwa asiyekamilika ni hatari kuliko kutokuwa na mbwa. Akionyesha njia isiyo sahihi, watu wote watamfuata kwa imani, na mtoto ataachwa upande wa pili wa kilima. Kwa sababu hiyo, kikosi chochote kinapaswa kumpima mbwa wake mbele ya wakaguzi wa nje, wasio marafiki wa mwongozaji, na kurudia kumpima kila mwaka.

Familia ifanye nini?

Hata mbwa hodari hawezi kufanya kazi iwapo harufu imeharibiwa kabla hajafika. Mtu akipotea, familia na majirani wanaweza kusaidia kwa kufanya yafuatayo:

Kwanza, ripoti mara moja kwa chifu na kituo cha polisi. Si lazima usubiri saa 24. Nambari za dharura ni 999 au 112. Nambari ya kuwasaidia watoto ni 116, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199.

Pili, tia alama mahali alipoonekana mara ya mwisho, na uzuie watu, mifugo, pikipiki na magari kupita hapo.

Tatu, hifadhi nguo aliyoivaa ambayo haijafuliwa, kama vile fulana au soksi. Usiishike kwa mkono. Iinue kwa kijiti safi na uitie katika bahasha ya karatasi au chupa safi ya kioo yenye kifuniko. Shuka wanayojifunika watoto kadhaa haifai, kwa kuwa ina harufu ya wote.

Nne, waliokwisha kutembea eneo hilo wasiondoke. Mbwa akiwanusa, atajua harufu zao si za anayetafutwa.

Tano, wasomaji nyayo wa jadi waendelee na kazi yao, wakitembea pembeni mwa njia wala si juu yake. Morani anayetambua unyayo mmoja mchangani huweza kumpa mbwa mahali pazuri pa kuanzia, na mbwa huweza kuendelea pale mchanga unapogeuka mwamba. Jicho na pua husaidiana.

Kwa viongozi wa wadi na kaunti, hesabu ni rahisi. Kijibwa anayeanza mafunzo mwezi huu hatakuwa tayari kabla ya mwaka na nusu kupita. Hatua ya kwanza isiyohitaji fedha nyingi ni kuzungumza na vikosi vya mbwa vilivyoko Amboseli na kwingineko, na kukubaliana mapema nani atapigiwa simu na mbwa atafikaje Bisil. Makubaliano hayo yafanyike sasa, kabla ya jioni ambayo mtoto mwingine hatarudi na mbuzi.